Soulac: Mji Uliozikwa na Mchanga, Kisha Ukaukosa

Picha ya jengo la ghorofa nne lililokaa ukingoni mwa kilima cha mchanga, bahari ikipiga chini yake, huzunguka kwenye simu za watu kila baada ya muda. Maelezo yake hubadilika kulingana na aliyeituma. Mmoja ataandika kwamba bahari imepanda na kuzamisha mji mzima huko Ufaransa. Mwingine atasema kumbe hata Ulaya watu hujenga mabondeni. Wa tatu atauliza, kwa hasira kidogo, nchi tajiri namna ile ilishindwaje kujenga ukuta.

Jengo hilo lilikuwepo kweli. Liliitwa Le Signal, nalo lilikuwa na nyumba 78 za familia katika mji mdogo wa mapumziko wa Soulac-sur-Mer, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wakazi wake waliamriwa kuhama Januari 2014, na jengo likabomolewa Februari 2023. Lakini Soulac haikuzama. Maduka yake yanafunguliwa, kanisa lake la karne ya 12 lingali limesimama, na mji ambao wakati wa baridi una wakazi wasiofika 3,000 hufurika wageni kila kiangazi.

Kilichotokea pale kinashangaza kuliko kuzama. Mji huu uliopoteza jengo kwa kukosa mchanga ndio ule ule ambao miaka 270 kabla ya hapo ulikimbiwa na watu wake kwa sababu mchanga ulikuwa mwingi mno. Anayeelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kutokea mahali pamoja atakuwa ameelewa jambo kubwa kuhusu fukwe zote za mchanga, zikiwemo za kwetu.

Maneno manne yanayochanganywa

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kujaa na kupwa. Maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua hupanda na kushuka kuliko siku nyingine. Soulac ina bamvua kubwa kama tuliyoizoea Zanzibar na Dar es Salaam, ya mita 4 na zaidi kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa. Hayo ni mambo ya kila mwezi, na ardhi haipungui kwa sababu yake peke yake.

Mafuriko ya bahari ni kitu kingine. Dhoruba inasukuma maji nchi kavu, yanaingia majumbani, kisha yanarudi. Huja ghafla, usiku mmoja unatosha, na huua. Ardhi hubaki pale pale baada ya maji kuondoka.

Kupanda kwa usawa wa bahari kunatokana na joto la dunia: maji yanatanuka yakipata joto, na barafu ya nchi kavu inayeyuka na kuingia baharini. Tangu mwanzo wa karne ya 20 usawa huo umepanda kwa takriban sentimita 20 kwa wastani wa dunia nzima, na kasi inaongezeka. Sentimita 20 ni urefu wa kiganja na vidole vyake. Ni nyingi kwa bahari nzima, lakini haziwezi peke yake kuleta maji hadi kwenye msingi wa jengo lililokuwa mbali na ufukwe.

La nne ni mmomonyoko wa ufukwe. Hapa mchanga wenyewe ndio unaoondoka, na mstari unaotenganisha nchi kavu na bahari unarudi nyuma. Hakuna maji yanayoingia sebuleni. Siku moja unakuta bustani imepungua, mwaka mwingine njia ya kwenda ufukweni haipo, na baada ya miaka mingi nyumba ndiyo inayofuata. Le Signal iliuawa na hili la nne. Lile la tatu linazidisha hatari na litaizidisha zaidi miaka ijayo, lakini halikuwa chanzo kikuu.

Kanisa lililofukiwa

Soulac iko karibu na ncha ya rasi ya Médoc, ardhi nyembamba iliyobanwa kati ya Atlantiki upande wa magharibi na mlango wa Gironde upande wa mashariki. Gironde ni maji ya mito miwili, Garonne na Dordogne, yaliyokutana, na mlango wake ni miongoni mwa milango mikubwa kabisa ya mito Ulaya Magharibi. Nje ya mlango huo, katikati ya maji, umesimama mnara wa taa wa Cordouan uliokamilika mwaka 1611, ambao bado unaongoza meli.

Zama za Kati bandari ya Soulac ilikuwa upande wa mto. Jimbo la Aquitaine lilikuwa mikononi mwa wafalme wa Uingereza tangu karne ya 12 hadi 1453, na mahujaji waliovuka bahari kutoka Uingereza kuelekea kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela, Hispania, waliteremka hapa kuanza safari ya miguu. Watawa wa Mtakatifu Benedikto walikuwa na kanisa lao kubwa la mawe, nalo likaitwa Notre-Dame-de-la-Fin-des-Terres, Bikira Maria wa Mwisho wa Nchi. Kwa mtu aliyelitazama likiwa na maji pande mbili, jina hilo lilikuwa maelezo ya kawaida tu ya mahali.

Kisha mchanga ukaanza kuhama. Upepo wa magharibi ulikokota vilima vya mchanga kutoka ufukweni kuelekea bara, taratibu, msimu kwa msimu. Mashamba yakafunikwa, kisha nyumba. Ndani ya kanisa watu walipambana kwa njia pekee waliyoijua: sakafu ilipozidiwa waliiinua, wakaendelea kusali juu zaidi. Hatimaye haikuwezekana tena. Karibu mwaka 1744 kanisa liliachwa, na wakazi wakahamia mahali pengine. Sehemu ya juu ya jengo ikabaki imechomoza juu ya mchanga, mabaharia wakiitumia kama alama ya kupatia njia ya kuingia Gironde.

Kazi ya kulifukua ilianza mwaka 1859. Walifukua sana, lakini hawakufika chini kabisa. Ukienda leo unateremka kutoka usawa wa barabara kulifikia, na ukiwa ndani unaona kitu ambacho hakikupangwa na mafundi wa karne ya 12: nguzo zinaonekana fupi mno kwa unene wake, na nakshi za vichwa vyake, zilizochongwa ili zitazamwe kwa kuinua shingo, ziko karibu na macho. Sehemu ya chini ya nguzo hizo bado iko mchangani. Tangu 1998 kanisa hili limo katika urithi wa dunia wa UNESCO, pamoja na majengo mengine ya njia za Ufaransa za kwenda Santiago.

Ushindi dhidi ya mchanga huo ulitokana na mimea. Mwishoni mwa karne ya 18 mhandisi wa serikali Nicolas Brémontier aliongoza majaribio kusini zaidi, karibu na Arcachon: kupanda nyasi ngumu za ufukweni ili mizizi ishike mchanga, na nyuma yake kupanda misonobari. Katika karne ya 19 serikali ikaieneza kazi hiyo kwenye pwani yote ya Gascony. Vilima vikatulia. Msitu mkubwa wa misonobari ambao wageni leo wanadhani umekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia ni kazi ya mikono ya watu.

Na juu ya mchanga huo uliotulizwa ndipo mji wa mapumziko ulipojengwa. Reli kutoka Bordeaux ilifika miaka ya 1870, na matajiri wa jiji hilo, umbali usiofika kilomita 100, wakaanza kuja kuoga baharini, jambo ambalo madaktari wa wakati ule walilisifu kama tiba. Mamia ya nyumba za likizo zikajengwa, nyingi za matofali mekundu, zenye varanda za mbao zilizochongwa na paa lililochongoka. Bado zipo, na ndizo fahari ya mji. Kila Juni watu huvaa mavazi ya mwaka 1900 na kutembea barabarani kuikumbuka enzi hiyo.

Mchanga unakwenda wapi

Ufukwe ni kama duka la rejareja. Kila siku mali inaingia na mali inatoka. Anayepita nje anaona rafu zimejaa, anafikiri ni bidhaa zile zile za jana, kumbe zilishauzwa na nyingine zikaletwa. Duka halifi kwa sababu mali inatoka, maana ndiyo kazi yake. Hufa pale inayoingia inapokuwa pungufu kuliko inayotoka, siku baada ya siku, hata kama upungufu wa siku moja hauonekani.

Pale Soulac mali inaingia kidogo. Sehemu kubwa ya mchanga wa pwani hii ni akiba ya zamani sana, ya enzi ambazo bahari ilikuwa chini zaidi na mito ilibwaga mchanga mwingi kuliko leo. Akiba hiyo haijazwi tena kwa kasi ile. Na njia za kutokea ni kadhaa.

Kwanza kuna mawimbi ya msimu. Dhoruba za baridi hukwangua ufukwe na kuupeleka mchanga kwenye mafungu yaliyo chini ya maji, mbele ya ufukwe. Mawimbi mapole ya kiangazi hurudisha sehemu yake. Kwa hiyo mtu anayepiga picha Februari na mwenzake anayepiga Agosti wanaweza kubishana hadi kesho, kila mmoja akiwa na ushahidi.

La pili ndilo zito zaidi. Mawimbi hayaji ufukweni yakiwa yamenyooka, huja kwa mshazari, na kila wimbi husogeza punje za mchanga kidogo kuelekea upande mmoja. Wimbi moja halifanyi kitu. Mawimbi ya mwaka mzima husogeza shehena ambayo malori hayawezi kuifuata. Sehemu kubwa ya pwani ya Aquitaine, mchanga husafiri kuelekea kusini. Ila karibu na mlango wa Gironde, mafungu ya mchanga na mikondo ya mto huyapinda mawimbi, na mchanga wa huko hukokotwa kuelekea kaskazini, hadi ncha ya rasi. Sasa fikiria mahali ambapo mchanga wa upande mmoja unakwenda kaskazini na wa upande mwingine unakwenda kusini. Mahali hapo panatoa pande zote mbili. Soulac, hasa kitongoji chake cha L'Amélie, kiko katika eneo hilo.

Mafungu ya mlango wa mto nayo hayakai mahali pamoja. Fungu likiwa mbele ya ufukwe huvunja mawimbi kabla hayajafika, ufukwe ukapata nafuu kwa miaka. Fungu likihama, mawimbi yanafika na nguvu zote. Ndiyo maana historia ya pwani hii ina vipindi vya kujaa na vipindi vya kupungua, na ndiyo maana mtu aliyeishi hapo miaka 20 ya nafuu anaweza kuapa kwamba mahali pale ni salama.

Kuna shahidi wa zege anayeweza kukatisha ubishi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani walijenga ngome katika pwani yote ya Atlantiki, na rasi hii ilikuwa mojawapo ya sehemu walizong'ang'ania mpaka mwisho. Ilikombolewa kwa mapigano makali Aprili 1945, wiki chache tu kabla ya vita kwisha Ulaya. Ngome zilijengwa juu ya vilima vya mchanga, kwa kuwa aliye juu huona mbali. Leo nyingi za pwani hii zimelala ufukweni, zimeinama, maji yakijaa yanazizunguka. Hakuna aliyezishusha. Kilima kiliondoka chini yake.

Mmomonyoko huo huo huibua vitu. Mwaka 1989, katika ufukwe wa L'Amélie, ilipatikana sanamu ya nguruwe mwitu iliyotengenezwa kwa mabati ya shaba, bendera ya vita ya Wagauli, watu waliokaa Ufaransa kabla ya Warumi. Ni miongoni mwa chache za aina yake zilizobaki zikiwa karibu nzima. Bahari iliyokula bustani ndiyo iliyowapa watu wa makumbusho hazina hiyo.

Hadithi ya Le Signal

Hapa ndipo lazima kuwatetea waliojenga na walionunua, maana wanatukanwa bure. Jengo lilipopangwa mwaka 1967 ukingo wa bahari ulikuwa umbali wa mita 200 hivi. Lilijengwa kwa kibali. Lilikuwa sehemu ya mradi mkubwa zaidi wa kuendeleza utalii, ambao mwishoni ulitoa jengo hilo moja. Walionunua hawakuwa matajiri wa kutupa fedha. Wengi walikuwa watu wa kipato cha kawaida waliotaka mahali pa kustaafia, dirisha likitazama maji. Mtu gani, akiambiwa bahari iko mita 200, anaogopa?

Piga hesabu. Kutoka 1967 hadi 2014 ni miaka 47. Ukingo ulisogea kutoka mita 200 hadi kubaki chini ya mita 20. Hiyo ni kama mita 4 kwa mwaka, japo haikwenda sawasawa, kwani miaka mingine haikuchukua kitu na mingine ilichukua fungu kubwa kwa mkupuo.

Mkupuo wa mwisho ulikuja baridi ya 2013 na 2014. Dhoruba zilifuatana wiki baada ya wiki bila kuuacha ufukwe upumue. Watafiti waliopima mawimbi ya pwani ya Atlantiki ya Ulaya walihitimisha kwamba baridi ile ilikuwa na nguvu kuliko nyingine yoyote tangu angalau 1948. Tarehe 24 Januari 2014 meya alitoa amri ya kuhama. Watu wakafungasha.

Halafu jengo likabaki tupu kwa miaka tisa. Waporaji walichukua mabomba na nyaya, vioo vikavunjwa. Kubomoa haraka hakukuwezekana, kwa kuwa ndani mlikuwa na asbesto, madini yaliyotumika sana katika ujenzi wa zamani na ambayo vumbi lake huleta saratani. Ilibidi iondolewe kwanza, kwa gharama, kabla ya tingatinga kuanza kazi Februari 2023. Baadhi ya waliowahi kuishi humo walikuja kutazama.

Kwa nini wasijenge ukuta

Swali hili si la kijinga na linastahili jibu kamili. Kuta zipo Soulac. Katikati ya mji, mbele ya nyumba za matofali na maduka, ufukwe umelindwa kwa mawe na saruji, na kuna kuta fupi zinazoingia baharini kushika mchanga. Bila hizo mji ungekuwa mwingine.

Ila ukuta hauzalishi mchanga. Unachofanya ni kushika mstari mahali pamoja. Wimbi linalopanda ufukwe wa mteremko huchoka njiani, lakini linalogonga ukuta hurudi na nguvu zake na kuchimba mguuni pake. Ufukwe ulio mbele hushuka, maji yanakuwa marefu zaidi, wimbi linalofuata linafika likiwa na nguvu zaidi, na ukuta unahitaji mawe mengine. Na ule mchanga ambao kilima kilikuwa kikitoa kuwalisha majirani wa chini ya mkondo umefungiwa nyuma ya ukuta. Jirani anaanza kumomonyoka, naye anadai ukuta wake.

Kwa hiyo mamlaka ya pwani huuliza kinacholindwa kina thamani gani, gharama yake ni kiasi gani, na ni kwa muda gani. Katikati ya mji palipata jibu moja. Jengo moja lililosimama peke yake kwenye kilima cha mchanga lilipata jibu jingine. Jibu hilo ni kali, na sidhani kuna njia ya kulieleza kwa mwenye nyumba likamwingia kwa utulivu.

Njia ya tatu, kumwaga mchanga kutoka kwingine, hutumika pia. Inasaidia na haiharibu sura ya ufukwe, lakini lazima irudiwe, kwa kuwa sababu iliyouondoa mchanga wa kwanza bado ipo.

Nani analipa

Sehemu hii ndiyo iliyowachanganya hata Wafaransa wenyewe. Nchi yao ina mfumo mzuri wa maafa ya asili. Tangu sheria ya 1982, kila mwenye bima ya nyumba huchangia kiasi kidogo kwa ajili ya majanga. Tangu 1995 kuna pia mfuko unaoitwa kwa jina la aliyekuwa waziri wa mazingira, Michel Barnier, ambao unaweza kununua nyumba iliyo katika hatari kubwa kabla haijaua mtu.

Februari 2010 dhoruba iliyoitwa Xynthia ilifurika pwani ya kaskazini ya hapo. Katika mji mdogo wa mapumziko wa La Faute-sur-Mer pekee walikufa watu 29, wengi wamelala. Serikali ikanunua na kubomoa mamia ya nyumba, ikiwalipa wenyewe. Basi watu wa Le Signal waliposikia amri ya kuhama walitarajia mlango ule ule utafunguliwa.

Haukufunguliwa. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mfuko ni wa hatari inayovamia ghafla na kutishia maisha, ilhali mmomonyoko huja taratibu, unapimika, na watu wanaweza kuondoka mapema. Wenye nyumba walijibu kwamba wamefukuzwa na dola kwa sababu ya usalama wao, na kufukuzwa na bahari ni kufukuzwa tu. Kesi ilifika Baraza la Katiba, ambalo Aprili 2018 liliamua kwamba sheria, kwa kuuacha mmomonyoko nje ya mfuko, haikuvunja katiba. Mahakama ya juu ya masuala ya utawala nayo ikawakatalia mwaka huo huo.

Walichopata hatimaye kilitoka bungeni. Bajeti ya mwaka 2019 ilitenga yuro milioni 7 kwa ajili ya jengo hilo peke yake, sawa na asilimia 70 ya thamani ambayo nyumba zingekuwa nayo kama bahari isingekuwepo mlangoni. Ni kama yuro 90,000 kwa nyumba kwa wastani. Makubaliano yalisainiwa mwishoni mwa 2020. Wakati huo baadhi ya wenye nyumba walikuwa wameshafariki, na wapo waliokuwa wakiendelea kulipia mkopo wa nyumba ambayo hawaruhusiwi kuikanyaga. Malipo hayo hayakufungua njia kwa wengine. Yalikuwa ya jengo moja.

Sheria iliyokuja baada ya hapo, ya Agosti 2021, inatazama mbele. Halmashauri za pwani zilizomo katika orodha maalumu zinatakiwa kuchora ramani ya maeneo yatakayofikiwa na bahari ndani ya miaka 30, na yale ya kati ya miaka 30 na 100. Katika eneo la kwanza ujenzi mpya karibu wote unazuiwa. Katika la pili unaweza kujenga, lakini ukijua kwamba bahari ikikaribia utabomoa mwenyewe, na fedha za kubomolea unaziweka kando tangu siku ya kujenga. Mnunuzi au mpangaji lazima aambiwe mapema kwamba nyumba iko ndani ya ramani.

Pwani yetu na mita 60

Tanzania ina kanuni inayofanana kwa lengo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Watu wengi huiona kama usumbufu wa maofisa. Lakini ukiijua hesabu ya Soulac utaona kwamba mita 60, kwa mwendo wa mita 4 kwa mwaka, ni miaka 15. Fukwe zetu nyingi hazimomonyoki kwa kasi hiyo, na sehemu nyingine zina miamba ya matumbawe inayovunja mawimbi, bahati ambayo Soulac hawana. Ila zipo za mchanga mtupu, kama Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ambako bahari imekwisha kula ardhi na majengo tangu miaka ya 1970 na 1980. Na kuna kitu tunachokifanya ambacho Soulac hawakifanyi: kuchota mchanga wa ujenzi kwenye vijito vinavyoulisha ufukwe. Hapo tunapunguza wenyewe mali inayoingia dukani.

Ukuta mpya kando ya Barabara ya Barack Obama, jijini Dar es Salaam, uliokamilika mwaka 2018, ni mfano wa pale ambapo ukuta una maana, kwa kuwa nyuma yake kuna barabara kuu na majengo ya umma. Mwenye hoteli ndogo anayemwaga mawe mbele ya kiwanja chake peke yake yuko katika hali nyingine, na jirani yake wa chini ya mkondo ndiye atakayelipa kwanza.

Kupanda kwa usawa wa bahari kunaingia hapa. Bahari ikiwa juu zaidi, hata kwa sentimita chache, dhoruba ile ile inafika juu zaidi ya kilima na kuondoka na mchanga mwingi zaidi. Ufukwe uliokuwa na upungufu mdogo unakuwa na upungufu mkubwa. Makadirio ya taasisi ya serikali ya Ufaransa, Cerema, yaliyotolewa 2024, yanataja takriban nyumba 5,200 za nchi hiyo zitakazotishiwa na mmomonyoko ifikapo 2050, hasa kutokana na dhoruba na mabadiliko ya pwani yanayoendelea. Karibu sehemu moja ya tano ya pwani yao inamomonyoka.

Kwa hao wenye nyumba 5,200, sheria ya 2021 imeeleza nani achore ramani na nani azuiwe kujenga, lakini haikuweka mfuko wa kuwanunua waliokwisha kujenga kwa kibali halali kabla ya ramani kuwepo. Meya anayeingia kwenye orodha anabeba kazi ya kuwaambia wapiga kura wake kwamba nyumba zao zina miaka 30, huku akiwa hana cha kuwapa. Ilipotolewa mwaka 2022, orodha ya kwanza ilikuwa na halmashauri 126. Imeongezeka tangu hapo, ila wapo mameya waliokataa kuingia, wakisema wazi kwamba wanasubiri kwanza waambiwe fedha zitatoka wapi.